Usaili wa Mbali kwa Mwombaji wa Masomo ya Uzamili: Mtazamo kutoka Garsen, Tana River

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mwanafunzi wa Kiswahili aliyetamani kuendelea na masomo ya uzamili au uzamifu ng'ambo alihukumiwa kwa karatasi. Alituma maombi, nakala ya alama, pendekezo la utafiti na barua za wadhamini wake, kisha akasubiri. Karatasi hizo ndizo zilizomsemea. Hali hiyo imebadilika, hasa tangu janga la korona la mwaka wa 2020. Idara nyingi za lugha na isimu, pamoja na mashirika yanayotoa ufadhili, sasa humwita mwombaji mbele ya kamera kabla ya kuamua. Mwombaji hahitaji viza wala nauli ili asailiwe. Anahitaji kifaa, umeme, mtandao na maneno.

Makala haya yananuia kueleza jinsi usaili huo unavyoendeshwa, mambo yanayomkwaza mwombaji wa kwetu, na namna ya kujiandaa. Mfano wetu ni Garsen na vijiji vya delta ya Mto Tana. Tumeuteua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, mwombaji aliye Garsen hukutana na vikwazo vingi vya usaili wa mbali kwa pamoja: umbali, joto, mafuriko, umeme unaokatika na mtandao unaoyumba. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mwombaji huyo ameketi juu ya hazina ya kiisimu ambayo wasaili wake wengi wameisoma vitabuni tu. Hasara huwa kubwa anapoikosa nafasi, si kwa kukosa maarifa, bali kwa kutojua desturi za usaili.

2.0 Sura za usaili wa mbali

Ni muhimu kutambua kwamba jina usaili hubeba mambo kadhaa yasiyofanana. Mwombaji anapopokea mwaliko, jambo la kwanza ni kujua anaitiwa lipi kati ya haya yafuatayo.

Kuna mazungumzo na msimamizi mtarajiwa. Haya ni ya watu wawili, na mara nyingi hayana sura ya mtihani. Profesa anataka kujua kama utafiti unaopendekezwa unalingana na wake, na kama mwanafunzi huyu ataweza kufanya kazi naye kwa miaka mitatu, minne au zaidi. Mwombaji anayedhani kuwa hayo ni maongezi ya kujuana tu hukosea, kwa maana uamuzi huanza kufanywa hapo.

Kuna usaili wa kamati ya idara. Hapa hukaa wahadhiri wawili, watatu au zaidi, na muda huwa mfupi, aghalabu dakika 20 hadi 45. Kila msaili ana swali lake, na waombaji wote huulizwa maswali yanayokaribiana ili walinganishwe.

Kuna usaili wa ufadhili. Wasaili wa aina hii si lazima wawe wanaisimu au wahakiki wa fasihi. Wanauliza utafanya nini na elimu hiyo, utarudi wapi, na jamii yako itafaidi nini. Jibu lililojaa istilahi za sintaksia halitamfaa msaili aliyesomea kilimo.

Hatimaye kuna usaili wa kurekodiwa. Mwombaji huona swali kwenye skrini, hupewa sekunde chache za kufikiri, kisha hujibu kwa dakika moja au mbili bila kumwona mtu yeyote upande wa pili. Wengi huona aina hii kuwa ngumu zaidi, kwa sababu mazungumzo ya Mswahili hutegemea mwitikio wa mwenzake. Dawa yake ni mazoezi ya kujirekodi kwa simu na kujisikiliza.

Vyombo navyo hubadilika. Skype, iliyozinduliwa mwaka wa 2003 na ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa jina la simu za video, ilifungwa Mei 2025. Wasaili wa leo hutumia zaidi Zoom, Microsoft Teams au Google Meet. Mwombaji hana budi kuifungua programu iliyotajwa siku kadhaa mapema, aandike jina lake kamili jinsi lilivyo kwenye maombi, na ajaribu kamera na kinasasauti.

3.0 Saa ya Kiswahili na saa ya msaili

Kosa linaloweza kumtoa mwombaji wetu hata kabla hajafungua kinywa ni la saa. Siku ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia machweo na macheo, ilhali saa ya barua za usaili huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita kamili, nasi tunaishi na hesabu zote mbili kichwani. Tunaandika moja na kutamka nyingine.

Mwandishi wa makala haya nusura apate hasara kwa jambo hili. Mwaliko ulisema usaili ungefanyika adhuhuri kwa saa za mashariki ya Marekani, mwezi wa Februari. Hiyo ni saa mbili usiku kwetu. Kwenye shajara mwandishi alikuwa ameandika tarakimu 8, kama ilivyokuwa katika barua. Alipompigia simu kijana wa bodaboda amchukue kijijini na kumpeleka Minjila, kwenye nyumba ya rafiki yenye umeme wa jua, aliisoma tarakimu hiyo jinsi ilivyo akasema, "Tuna safari ya usaili saa nane usiku."

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Saa nane usiku, mwalimu? Saa hizo njiani wako viboko peke yao. Hao wazungu wanasaili viboko?"

Utani huo ndio uliomwokoa mwandishi. Angalifika saa sita baada ya kamati kuondoka. Tangu hapo ameshika kanuni moja: kila mwadi wa usaili uandikwe mara tatu, yaani kwa saa ya msaili, kwa saa ya Afrika Mashariki yenye tarakimu 24, na kwa maneno ya Kiswahili. Mathalani: 12.00 New York, 20.00 Nairobi, saa mbili usiku.

Aidha, nchi za wasaili wetu wengi hubadilisha saa zao kwa misimu, nasi hatubadilishi. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza na Ujerumani husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo adhuhuri ya New York ni saa mbili usiku kwetu mwezi wa Februari, lakini ni saa moja usiku mwezi wa Aprili. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao. Ujerumani iko nyuma kwa saa mbili, kisha kwa saa moja. Mwombaji wa vyuo vya Uchina na Japani hesabu yake ni nyepesi, kwani nchi hizo, kama yetu, hazibadilishi saa: Beijing iko mbele yetu kwa saa tano na Tokyo kwa saa sita mwaka mzima.

Isitoshe, kuna suala la jina la usiku. Kwa wazee wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani usiku ambao barua ya Kiingereza huuita wa Alhamisi. Mwombaji anayemwomba mjomba wake amwachie chumba "usiku wa Ijumaa" na ahakikishe kwamba wanaongea juu ya usiku mmoja. Tarehe iandikwe pamoja na jina la siku.

4.0 Mahali, umeme na mtandao

Garsen iko kwenye njia panda. Barabara ya kutoka Malindi, zaidi ya kilomita 100 kusini, hugawanyika eneo hilo: tawi moja hupanda kuelekea Hola na Garissa, na jingine huelekea Witu na Lamu. Kwa mwombaji anayetaka kwenda kutafuta mtandao bora Malindi au Kilifi, safari yawezekana, ila ni lazima aisome kalenda ya mto pamoja na kalenda ya vyuo.

Kalenda hizo mbili hukutana kwa namna ya kipekee. Idara nyingi za Marekani hufunga maombi ya uzamifu Desemba au mwanzoni mwa Januari na kusaili Januari na Februari. Wakati huo kwetu ni kiangazi: barabara ni kavu, joto ni kali, na mzigo wa kupooza vyumba ni mkubwa. Usaili unaoangukia Aprili na Mei, kama ilivyo kwa baadhi ya mipango ya ufadhili, hukutana na masika. Nayo mafuriko ya Tana hayategemei mvua ya Garsen peke yake. Maji hutoka nyanda za juu, hupita mabwawa kama Masinga na Kiambere, na huweza kufika deltani wakati anga ya Garsen ni nyeupe. Novemba 2023, na tena katika masika ya 2024, mafuriko yaliifunga barabara ya Garsen kwenda Lamu sehemu za Gamba, na watu wengi wa kaunti hii wakahama makwao. Mwombaji mwenye usaili katika miezi hiyo asingoje siku ya mwisho ndipo asafiri.

Kuhusu mtandao, hesabu yafaa ifanywe mapema. Mazungumzo ya video ya saa moja yaweza kutumia takriban gigabaiti moja au zaidi, ilhali sauti peke yake hutumia megabaiti makumi tu. Tofauti hiyo ndiyo akiba ya mwombaji. Mtandao ukianza kuyumba, aombe ruhusa ya kuzima kamera ili sauti ibaki. Wasaili huvumilia picha iliyozimwa, lakini hawawezi kumtathmini mtu wasiyemsikia. Ni vyema pia kuwa na laini mbili za kampuni tofauti, simu moja ikiwa akiba ya nyingine, na betri zilizojazwa tangu mchana.

Jambo lenye thamani kuliko vifaa vyote ni barua pepe fupi inayotumwa siku mbili kabla ya usaili. Ndani yake mwombaji hushukuru kwa mwaliko, huthibitisha saa, hueleza kwa sentensi moja kwamba umeme na mtandao wa eneo lake huweza kukatika, na hutoa nambari ya simu ambayo kamati yaweza kupiga. Barua hiyo haimdhalilishi. Inaonyesha kuwa ni mtu anayepanga kazi, nayo inampa mwenyekiti wa kamati mamlaka ya kusubiri dakika tano badala ya kupita kwa mwombaji mwingine.

Chumba nacho kichaguliwe kwa sauti kuliko kwa uzuri. Bati hupiga kelele jua linapochwea na linapopoa, jenereta ya jirani hufunika konsonanti, na feni iliyo karibu na simu husikika kama dhoruba. Taa iwe mbele ya uso. Mazoezi yafanywe mahali palepale na saa ileile ya usaili. Iwapo adhana, mbuzi au mtoto atasikika, sentensi moja ya kuomba radhi yatosha, kisha mwombaji aendelee na hoja yake.

5.0 Kueleza utafiti: hazina iliyo mlangoni

Swali ambalo haliepukiki ni hili: unataka kutafiti nini, na kwa nini? Waombaji wengi wa Kiswahili hujibu kwamba Kiswahili ni lugha muhimu, kwamba kinasemwa na mamilioni, na kwamba wanataka kukikuza. Hayo ni kweli, lakini hayamtofautishi msemaji na waombaji wengine mia. Kamati haitafuti mtetezi wa Kiswahili. Inatafuta mtu mwenye swali.

Maswali yamejaa Tana River. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka wa 1993 kiitwacho Swahili and Sabaki: A Linguistic History, walikiweka Kiswahili katika kundi la Kisabaki pamoja na Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana ambacho pia huitwa Kimalakote. Mbili kati ya lugha hizo tano, Kipokomo na Kielwana, makao yake ni kingo za Mto Tana. Kandokando yake kuna Waorma, ambao lugha yao ni ya Kikushi katika jamii ya Kioromo. Kutokana na ujirani huo, Kielwana kimeathiriwa sana na Kioromo, jambo ambalo Nurse alilichambua katika kitabu kingine cha mwaka wa 2000. Simulizi za Fumo Liongo nazo hutajwa deltani, katika vijiji vya Ozi na Kipini. Hata wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa mwaka wa 1963, lahani yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo.

Tuchukue mfano wa jibu. Mwombaji aliyejiandaa anaweza kusema hivi: "Katika soko la Garsen, Mpokomo anayeuza maembe na Mworma anayeuza maziwa huongea Kiswahili. Kiswahili cha kila mmoja wao kina alama za lugha yake ya kwanza. Nataka kujua ni alama zipi hudumu kwa vijana waliosomea Kiswahili shuleni na zipi hutoweka, na kama Mpokomo, ambaye lugha yake ni ndugu ya Kiswahili, hubaki na alama nyingi kuliko Mworma au chache. Nitarekodi mazungumzo ya vikundi viwili vya rika moja na kulinganisha upatanisho wa ngeli." Jibu hilo huchukua chini ya dakika moja. Lina mahali, watu, swali, dhana inayoweza kukosolewa, na mbinu.

Msaili makini hataishia hapo. Atauliza: kwa kuwa Kipokomo na Kiswahili ni ndugu, utajuaje kwamba umbo fulani ni athari ya Kipokomo na si urithi wa pamoja? Hili ndilo swali la kweli la utafiti wenyewe, na mwombaji asilikimbie. Anaweza kueleza kwamba atatumia maumbo ambayo lugha hizi mbili zimetofautiana, si yale zinayoshiriki. Na kama hajalifikiria, aseme wazi kwamba hilo ni gumu na aanze kufikiri kwa sauti. Kamati nyingi huthamini fikira inayoonekana ikitembea kuliko jibu lililokaririwa.

Atauliza pia kuhusu maadili: utapataje idhini ya wazungumzaji, na sauti zao zitahifadhiwa wapi? Hapa mwombaji ataje kwamba utafiti nchini Kenya huhitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013, na kwamba zaidi ya karatasi hiyo kuna ruhusa ya wazee wa kijiji, ambayo haipatikani ofisini.

Vilevile, nafasi nyingi za ufadhili Marekani hufungamana na kufundisha. Mwanafunzi wa uzamili hulipiwa karo kwa kufundisha madarasa ya Kiswahili ya wanaoanza. Kwa hiyo kamati yaweza kumwambia: tufundishe kwa dakika tano. Mzawa wa lugha huumbuka hapa kwa urahisi. Anajua kusema "watoto wawili" na "vitabu viwili", lakini hajawahi kumweleza mtu asiyejua neno moja la Kiswahili kwa nini kivumishi kinabadilika. Mazoezi ya kufundisha upatanisho wa ngeli, au tofauti ya "yupo" na "ana", bila kutaja istilahi yoyote, ni maandalizi bora kuliko kusoma tovuti ya chuo mara kumi.

6.0 Adabu ya Kiswahili na desturi ya usaili

Tumelelewa na methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu anayejisifu mbele ya wakubwa huonekana hana malezi. Usaili, kinyume chake, unamtaka kijana aseme mbele ya wageni waliomzidi umri kwamba yeye anafaa. Waombaji wetu wengi hushikwa na haya, wakaanza kusema "sisi" mahali pa "mimi", au wakasema kwamba walisaidia kidogo katika kazi ambayo kwa hakika waliifanya wao.

Si lazima kuvunja adabu ili kushinda usaili. Kujisifu ni kujipa cheo. Kutoa ushahidi ni kueleza kazi. Kusema "mimi ni mtafiti hodari" ni kujisifu. Kusema "nilirekodi wazee kumi na wawili, rekodi mbili zikaharibika kwa upepo, nikajifunza kurekodi ndani ya nyumba" ni ushahidi. Methali yetu haikatazi ushahidi. Kazi ikielezwa kwa ukamilifu, pamoja na pale ilipokwama, hujiuza yenyewe.

Suala la macho nalo lahitaji kufikiriwa. Kumkazia mkubwa macho kwetu ni utovu wa heshima, na kijana mwenye adabu huinamisha uso. Katika video, uso ulioinama husomwa kama woga au kama mtu anayesoma majibu mahali. Mwombaji ajizoeze kuielekea kamera anapojibu, akijua kwamba hamkazii mtu macho bali anaielekeza sauti yake.

Salamu ziwe fupi, bila kuachwa. Mwombaji awataje wasaili kwa vyeo vyao mpaka watakapomwambia vinginevyo. Akikosa kusikia, aombe swali lirudiwe. Mtandao umempa udhuru ambao chumba cha kawaida hakimpi. Kunyamaza kwa sekunde chache kabla ya kujibu si kosa, ila katika simu ya video kimya hufanana na kukatika kwa laini. Kwa hiyo aseme kwanza kwamba anafikiri, kisha afikiri.

Kuna kinaya kwamba mtaalamu wa Kiswahili husailiwa kwa Kiingereza, na mara nyingine kwa Kijerumani. Mwanafunzi aliyesoma fonolojia, sintaksia na ushairi kwa Kiswahili hujikuta hana maneno ya kueleza anachokijua vizuri. Tiba ni orodha ya istilahi ishirini au thelathini za mada yake, zikiwa katika lugha zote mbili, na mazoezi ya kuzitamka. Sentensi fupi zilizo sahihi zinatosha. Majibu ya kukariri hutambulika, na majibu yanayosomwa kutoka kwa programu ya akili unde wakati wa usaili hutambulika zaidi. Licha ya hilo, ni udanganyifu, na nafasi iliyopatikana kwa sauti ya mwingine itamdai mwenyewe akifika darasani.

7.0 Swali la majonzi

Msaili anayetafuta jina la Tana kwenye mtandao hukutana na habari za huzuni. Atasoma kuhusu mafuriko. Atasoma kuhusu mapigano ya Wapokomo na Waorma ya Agosti na Septemba 2012, ambayo yaliua watu zaidi ya mia moja katika vijiji vya delta. Basi humuuliza mwombaji, kwa nia njema, kama utafiti katika eneo hilo ni salama, na maisha yamekuwaje.

Hapa mwombaji hushawishika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuficha, akasema hakukuwa na jambo. Ya pili ni kuuza majonzi, kwa kuwa amegundua kwamba machozi huwalegeza wafadhili. Njia zote mbili zina hasara. Anayeficha huonekana hajui eneo lake mwenyewe. Anayeuza majonzi hupokewa kama mhitaji, si kama mtaalamu, na huwatumia marehemu wa watu kama sifa za kujipatia nafasi. Kuna waliopoteza ndugu katika mwaka ule ambao hawajawahi kuombwa ruhusa.

Yafaa mwombaji aseme lililotokea kwa sentensi mbili zenye mwaka na sababu: ugomvi wa ardhi, maji na malisho kati ya wakulima na wafugaji. Kisha aonyeshe jinsi jambo hilo linavyoathiri mbinu yake. Kwa mfano, atakuwa na wasaidizi wa utafiti kutoka jamii zote mbili, na hatawauliza wazungumzaji maswali yanayofukua visa. Hapo historia imegeuka kuwa sehemu ya utaalamu wake.

8.0 Baada ya usaili

Mwishoni mwombaji huulizwa kama ana maswali. Kukosa swali huonekana kuwa kukosa hamu. Aulize kuhusu ufadhili unachukua miaka mingapi, wanafunzi waliotangulia wanafanya nini, na kama kuna fedha za kurudi nyumbani kukusanya data. Siku inayofuata atume shukrani za sentensi tatu au nne. Iwapo kuna swali alilolijibu vibaya kwa sababu ya mtandao, anaweza kuongeza ufafanuzi mfupi, si insha.

Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kumpa mwombaji hadi tarehe 15 Aprili kujibu ahadi ya ufadhili. Asisukumwe kukubali mapema kwa hofu. Kwa upande mwingine, ajihadhari na matapeli. Ada halali ya maombi, pale inapotozwa, hulipwa kupitia tovuti ya chuo, na mara nyingi msamaha wa ada hiyo waweza kuombwa. Mtu anayedai pesa kwa simu ili "kupanga usaili" si wa chuo.

Na akikataliwa, aandike kuomba maoni. Si wote watakaojibu. Hata hivyo, maswali aliyoulizwa ni mali yake. Ayaandike usiku uleule kabla hayajasahaulika, kwani ndiyo mtaala wa usaili ujao.

9.0 Hitimisho

Mwaka wa 1887 mmisionari Mjerumani Ferdinand Würtz alifika Ngao, kwenye kingo za Tana, na kabla ya karne kuisha maandishi yake kuhusu Kipokomo yalikuwa yakichapishwa Ujerumani. Alifanya kazi yenye manufaa, nasi bado twaweza kuisoma. Lakini mwelekeo wa safari hiyo umedumu mno: mgeni huja mtoni, huuliza, huondoka, huandika. Mwenyeji hubaki kuwa msailiwa katika maana ya pili ya neno hilo, yaani chanzo cha data. Usaili wa mbali, pamoja na usumbufu wake wote, ni mojawapo ya milango ambayo kupitia kwayo msailiwa huyo anaweza kuwa msaili.

Kwa mintarafu hiyo, makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vifanye usaili wa mazoezi kila mwaka mwezi wa Novemba, kabla ya msimu wa maombi, wahadhiri na waliowahi kusailiwa wakikaa upande wa kamati. Pili, idara zetu zitenge chumba kimoja chenye umeme wa akiba na mtandao wa uhakika ambamo mhitimu yeyote, hata aliyemaliza miaka mitano iliyopita na sasa anafundisha Garsen, Hola au Bura, anaweza kuja kusailiwa. Gharama yake ni ndogo. Mwandishi alisailiwa katika chumba cha kuazima, kwa taa ya jua, baada ya kuokolewa na utani wa kijana wa bodaboda. Si kila mwombaji atakuwa na bahati ya kijana huyo.